Mwili Ulioijua Njia

Mlango wa majeruhi wa hospitali kuu si mahali pa kusimama na kuwaza, na mwenye akili zake hasimami hapo na begi la vitu vya thamani miguuni. Mhandisi alisimama hapo hapo. Alikuwa akimngoja daktari aliyemwahidi kumpokea, huku akipishana na vitanda vya magurudumu, akina mama waliobeba watoto wenye homa, na muuza maji aliyepenya kila penye upenyo. Mara sauti ikapasua umati.

"Pisha! Pisha, mgonjwa! Dada wa blauzi ya bluu, pisha!"

Kabla hajang'amua kuwa yeye ndiye dada wa blauzi ya bluu, wanaume sita wenye machela walikuwa wameshamfikia. Aliruka pembeni. Begi halikuruka. Buti la mmoja wao likalipiga teke, zipu ikafumuka, na vipimo vyake, kila kimoja ukubwa wa kiberiti, vikatawanyika sakafuni kama njugu.

Aliyeshika upande wa kichwa hakugeuka. Alimfikisha mgonjwa, akamnong'oneza neno, akahakikisha amepokelewa, ndipo akarudi. Alikuwa jitu la miraba minne, kizibao chake cha rangi ya chungwa kimelowa jasho, matope mpaka magotini. Akapiga goti na kuanza kuokota.

"Samahani sana, dada. Hivi ni nini? Dawa ya panya?"

"Ni vipimo," Mhandisi alisema, hasira zimempanda. "Na kimoja tu ni ghali kuliko viatu vyako."

"Viatu vyangu nilipewa bure, kwa hiyo hata dawa ya panya ni ghali kuliko viatu vyangu. Vinapima nini?"

"Mitetemo na vishindo. Mtu akibebwa kwenye njia mbaya, mwili wake unarushwa kiasi gani."

Yule mwanamume aliacha kuokota. Alimtazama kwa mara ya kwanza, kuanzia raba zake nyeupe zisizojua tope hadi nywele alizozifunga kwa haraka, na macho yake yakakawia njiani.

"Yaani kuna mtu anaajiriwa kulijua hilo?"

"Yupo. Unamwona."

"Na umewahi kumbeba mtu?"

"Hapana."

"Mimi nimewabeba wengi, na kila nikirudi nyumbani najiuliza kama nimewaumiza." Akamwekea kipimo cha mwisho kiganjani. "Basi wewe ndiye niliyekuwa namtafuta. Wenzangu wananiita Bega."

Mhandisi alitaka kuendelea na hasira zake, lakini hakujua tena zilikokwenda.

Bega na wenzake walikuwa waokoaji wa mitaa ya mlimani, ile nyumba-juu-ya-nyumba inayoning'inia juu ya jiji, ambako gari la wagonjwa halifiki hata dereva akiapa. Mtu akivunjika huko hushushwa kwa mikono ya watu. Njia ya mkato iliitwa Ngazi: vidato vya saruji vilivyobomoka, vingine virefu vingine vifupi, kutoka kileleni mpaka barabara ya lami. Njia nyingine ilifuata bomba kuu la maji. Hiyo ilikuwa pana na tulivu, lakini iliuzunguka mlima wote, na hakuna aliyeipenda. Kituo cha uokoaji kilitaka kujua jambo moja: je, mwenye mgongo uliovunjika anaweza kupitishwa Ngazi bila kuharibiwa zaidi? Hiyo ndiyo kazi iliyomleta Mhandisi mjini.

Alianza na mifuko ya mchanga. Aliifunga kwenye machela, akabandika vipimo, wabebaji wakashuka nayo. Jioni alipoyatazama matokeo alitikisa kichwa.

"Mchanga hauna shingo," alimwambia Bega. "Nahitaji mtu."

"Mtu gani?"

"Yeyote anayekubali kulala na kunyamaza."

"Kunyamaza sikuahidi," Bega akasema, na tayari alikuwa anavua kizibao.

Kesho yake asubuhi Bega alilazwa kwenye machela kwa mara ya kwanza maishani mwake, na msaidizi wake, mwembamba mmoja waliyemwita Mrefu, akashika nafasi ya kichwani. Mhandisi aliinama akabandika kipimo kimoja kwenye paji la uso, kimoja kifuani, kimoja kiunoni. Paji lilikuwa na jasho, ikabidi alifute kwa kiganja, polepole, na hapo pumzi za wote wawili zikapotea njia.

"Legea," alisema. "Jifanye umezimia."

"Nizimie vipi na wewe uko juu ya uso wangu hivi?"

"Fumba macho."

"Nikiyafumba nakuona vizuri zaidi."

"Shemeji!" Mrefu akapaza sauti. "Bandika tushuke, jua linatuchoma wengine ambao hatupendwi!"

Tangu siku hiyo jina likaganda: Shemeji. Asubuhi baada ya asubuhi walishuka Ngazi, wabebaji wakihema, Mhandisi akitembea pembeni na kompyuta yake ndogo mkononi, Bega amelala chali akimwangalia yeye badala ya mawingu. Mistari kwenye kioo ilikuwa mizuri ajabu. Machela ilidunda, ilidondoka, iliyumba, lakini kichwa cha Bega kilitulia kana kwamba kiko juu ya mto wa manyoya.

Jioni zilikuwa za simu, na Bega alikuwa ameanza kumwita Kipimo.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Umekula?"

"Nakula sasa."

"Kipimo changu, mbona nasikia kompyuta ikibofywa badala ya kijiko?"

"Naangalia shingo yako."

"Njoo uiangalie hapa ilipo, si huko kwenye mashine."

Mhandisi alicheka peke yake kwenye chumba chake cha kupanga, kitanda kimoja, meza moja, nyaya kila mahali. Alikuwa mwanamke aliyezoea kupenda vitu vinavyokaa kimya. Huyu hakai kimya, na yeye hakutaka akae.

Ripoti ilipokamilika ilisema wazi: Ngazi inafaa hata kwa mwenye mgongo ulioumia, mradi wabebaji wawe hodari. Kituo kiliipokea kwa shangwe. Bega alimpeleka nyumbani, juu kabisa mlimani, kwa mama yake.

"Ndiye huyu anayekulaza mchana kutwa?" Mama aliuliza, akimpima mgeni kutoka juu hadi chini. "Mimi nimekulea miaka yote na sijawahi kufaulu kukulaza. Karibu, mwanangu. Kaa."

Usiku huo Bega alimsindikiza, na chini ya taa ya barabarani akasema kitu ambacho hakikuwa mzaha. "Sasa nalala. Unaelewa? Nilikuwa silali. Nilikuwa nahesabu sura za watu niliowashusha. Wewe umenipa usingizi."

Mhandisi alimkumbatia mpaka gari la mwisho likaondoka bila yeye.

Haikupita muda Bega akashikwa na homa kali. Kulikuwa na jaribio moja la kurudia, kazi ndogo tu, ya kuhakikisha mashine iko sawa. Akalala badala yake mbebaji mpya, bwana mmoja mnene aliyehamia jijini majuzi na ambaye hakuwa amewahi kuiona Ngazi. Walimfunga mikanda ile ile, wakambeba kwa mikono ile ile. Hawakufika hata katikati. Yule bwana alifunguliwa akatapika ukutani, na shingo yake ikauma siku kadhaa. Mhandisi alitazama kioo akadhani mashine imeharibika. Mistari ilikuwa imepanda mara mbili, pengine zaidi.

Alirudi chumbani akafungua matokeo yote ya Bega, tangu siku ya kwanza, akayatazama upya. Kabla ya kila kidato, kabla machela haijadondoka, shingo ya Bega ilikuwa imeshajikaza. Kichwa kilijiinua kidogo mno, unywele tu, kisha kishindo kikaja na kumkuta mtu amejiandaa. Bega alizaliwa mlimani. Aliipanda na kuishuka Ngazi tangu anatambaa. Macho yake yalikuwa kwa mpenzi wake, lakini mwili wake ulijua kidato kipi kimevunjika na kipi kinafuata. Hakudanganya mtu. Yeye mwenyewe hakujua. Lakini mgonjwa aliyezimia hajikazi, na ripoti ilikuwa imeandikwa kwa ajili yake.

Na kanuni ya kwanza ya kazi ile Mhandisi aliijua kabla hajajua kupaka wanja: usipime mtu mmoja, badilisha watu. Kwa nini alimlaza Bega kila siku? Tusizunguke. Alimlaza Bega kwa sababu alitaka kumfuta jasho la paji la uso.

Alimpigia simu. Imezimwa. Akapiga tena na tena. Homa ilikuwa imemlaza Bega, na simu yake iliishiwa chaji chini ya mto. Mhandisi alikuwa na njia mbili: apande mlima amweleze kwanza, au aifute ripoti hapo hapo, maana jioni hiyo hiyo mtu angeweza kuanguka darini na kushushwa Ngazi kwa kuitegemea karatasi yake. Aliifuta, akatuma ya pili iliyosema kwamba alikosea na kwamba mtu aliyelegea asipitishwe Ngazi. Hilo lilikuwa sawa. Lakini baada ya kuifuta angeweza kupanda mlima, na hakupanda. Aliogopa uso wa Bega. Akajiambia atakwenda asubuhi.

Asubuhi mkuu wa kituo alimwahi. Alikuwa mtu wa kurahisisha mambo, na alivyorahisisha ni hivi: kikosi kimesimamishwa kwa kuwarusha wagonjwa, aliyegundua ni Mhandisi.

Simu ililia saa ya chai.

"Umeandika kwamba tunavunja watu?"

"Sikuandika hivyo. Niliandika kwamba nilikosea."

"Ulikosea nini? Kunipenda?"

"Kukuchagua wewe peke yako. Bega, mwili wako unajikaza kabla ya kila kidato, hujui tu kwamba—"

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo."

"Hapana! Nisikilize, mpenzi—"

"Nikusikilize sasa? Jana ulikuwa wapi? Nimeyasikia kwa mkuu wa kituo, mbele ya wenzangu, homa imenishika, nimesimama kama mwizi." Sauti yake ilikatika, ikarudi. "Wewe ulijua sikuwa nalala. Wewe peke yako. Ukanipa usingizi, kisha umeninyang'anya, na hukuthubutu hata kuja kuniangalia machoni wakati unaninyang'anya."

Yote yalikuwa kweli.

"Usinipigie tena," Bega akasema.

Alipiga, bila shaka. Alipiga mpaka akaona haya. Alituma ujumbe mrefu, na mfupi, na neno moja tu, samahani. Hakujibiwa. Alipokutana na Mrefu sokoni aliitikiwa salamu kwa heshima zote. "Hujambo, Mhandisi." Jina la Shemeji lilikuwa limezikwa. Alikonda. Alivaa blauzi zilizokunjamana. Kazini alibofya mashine bila kuona kitu, na kila machela iliyoingia mlango wa majeruhi ilimrusha roho.

Kisha mvua zikaja, na hazikuja kwa adabu. Mlima ulianza kumeguka. Siku ya tatu ya mvua, mchana, simu ya Mhandisi ilionyesha namba ya Mrefu.

"Mhandisi. Ukuta umemwangukia Bega."

"Yuko hai?"

"Anaongea. Alikuwa anamtoa jirani. Jirani katoka mzima, ukuta ukamalizia kwake. Mgongo umeumia, mguu wa kulia umepondeka."

"Anasogeza vidole? Mguu wa kushoto, anasogeza vidole?"

"Anasogeza. Tunamshusha kwa Ngazi sasa hivi. Nimekupigia tu kwa sababu kila tukimgusa anakutaja wewe."

"Mrefu, nakuomba kwa jina la mama yako. Msimshushe Ngazi. Nakuja. Nisubirini!"

Alipanda Ngazi hiyo hiyo kwenye mvua, raba zimejaa maji, akitumia mikono palipoteleza, akilia kwa sauti kwa kuwa hakuna aliyemsikia. Alipofika kileleni kifua kilikuwa kinataka kupasuka.

Bega alilazwa kwenye machela chini ya kipande cha bati. Mama yake alikuwa amechuchumaa akimkinga uso kwa mwavuli, mwenyewe akilowa. Mwuguzi wa zahanati ya juu alikuwa ameshamchoma sindano ya maumivu, na jitu lile lote lilikuwa limelegea, kichwa kimeshikiliwa na kola ya shingo, midomo imekuwa ya kijivu.

"Presha inashuka," mwuguzi alisema. "Damu inavuja ndani, na mguu ule haupati damu. Anatakiwa awe mezani kwa daktari mapema."

"Ngazi, basi," Mrefu akasema. "Tushike."

"Hapana!" Mhandisi alijitupa mbele ya machela. "Njia ya bomba."

"Bomba? Kuzunguka mlima mzima na mtu anayevuja damu? Dada, umechanganyikiwa. Huyu tumembeba Ngazi hii mara ngapi? Wewe mwenyewe ulikuwa pembeni. Hata kope haikutikisika!"

"Siku zile hamkumbeba ninyi," Mhandisi alisema, meno yakigongana kwa baridi. "Alijibeba mwenyewe. Kila kidato alikijua, kila kidato alijikaza. Mtazame sasa. Amechomwa sindano, mfupa umevunjika, amelegea kama nguo mbichi. Leo hawezi kujikaza. Kidato cha kwanza kitamvunja."

"Na akifia kwenye bomba?"

"Nitakuwa nimemuua mimi."

Aliyasema bila kupepesa macho. Wabebaji walitazamana. Mrefu akamgeukia Mama, maana mwana ni wake.

"Msiniangalie mimi," Mama alisema. "Nyote mnampenda na nyote mnanitisha. Muulizeni mwenyewe."

Mhandisi alipiga goti topeni. Bega alifumbua macho kwa shida.

"Kipimo," alisema.

"Nipo."

"Ile ripoti ya pili. Sikuisoma. Uliandika nini?"

"Niliandika kwamba mtu aliyelegea, Ngazi inamvunja."

"Mimi nimelegea?"

"Umelegea, mpenzi wangu. Umelegea sana."

Mvua ilipiga bati. Bega alifumba macho, na ilionekana kama amerudi usingizini. Halafu akasema, "Basi bomba," na mjadala ukaishia hapo.

Wabebaji sita huhitajika, na wa sita alikuwa amelala juu ya machela. Yule bwana mnene alishika, wengine wakashika, Mrefu akachukua kichwa, na nafasi moja ya miguuni ikabaki wazi. Mhandisi aliishika. Hakuwa na kipimo hata kimoja. Alikuwa ameacha vyote mezani ofisini. Machela ilipoinuliwa, uzito ulimshukia begani na kiunoni mpaka akaona nyota. Muda wote ule alikuwa akitembea pembeni, na hakuwa na habari kwamba hivi ndivyo mpenzi wake alivyoishi.

"Mguu wa kushoto," Mrefu alihesabu. "Wa kulia. Jiwe. Polepole. Wa kushoto."

Walikwenda. Njia iliufuata mlima kwa mzunguko usiokwisha, bomba upande mmoja, korongo upande mwingine. Viganja vya Mhandisi vilichubuka, vikatoka damu, vikaacha kuuma. Mwuguzi alitembea na vidole kwenye mkono wa Bega. Mama alifuata nyuma na mwavuli uliokwishapinduka, akiomba kwa sauti ya chini.

Bega alizungumza kwa vipande vipande. Alimuuliza Mhandisi kama amekula. Alimwita mtu asiyekuwepo. Kisha akanyamaza.

Penye kona ambapo bomba linavuka korongo, mwuguzi akasema, "Simameni." Alibonyeza mkono wa Bega, akabonyeza shingo. "Hali hii siipendi. Presha imeshuka tena."

Kutoka pale paa la hospitali lilionekana wazi chini yao, karibu ungedhani utalirushia jiwe. Kwa Ngazi wangekuwa wameshafika. Kila mmoja alilijua hilo na hakuna aliyelisema.

"Tukimbie," Mhandisi alisema. "Mrefu, tukimbie! Anakufa!"

"Hapana."

"Nimekosea! Nilikosea mara ya kwanza na nimekosea tena, tukimbie, nakuomba—"

"Shemeji!" Mrefu alifoka, na machozi yalikuwa yanamtiririka pamoja na mvua. "Umetwambia tumbebe kama mtu aliyelegea. Tunambeba kama mtu aliyelegea. Nyamaza ushike. Mguu wa kushoto!"

Akashika. Akanyamaza. Hatua kwa hatua, jiwe kwa jiwe, na kila hatua aliamini kwamba anambeba maiti.

Mlango wa majeruhi ulimmeza Bega. Mhandisi na Mama walikaa kwenye benchi moja la mbao, nguo zimewagandia mwilini. Mama hakumlaumu. Aliichukua mikono yake iliyochubuka, akaifunga kwa kanga yake iliyolowa, wakangoja mpaka daktari wa upasuaji akatoka amevua kofia.

"Ataishi. Mgongo tumeufunga. Kipande cha mfupa kilikuwa kimeugusa uti wa mgongo, kishindo kimoja tu kingeukata. Mguu wa kushoto utarudi, kwa mazoezi." Akavuta pumzi. "Wa kulia tumeukata chini ya goti. Ulikaa mno bila damu. Angefika mapema, huenda tungeuokoa. Nani atamwambia akiamka?"

"Wewe, daktari," Mama alisema huku akilia. "Wewe ndiye mwenye maneno."

"Hapana, Mama," Mhandisi akasema. "Nitamwambia mimi."

Alimwambia asubuhi, jua la baada ya mvua likiingia dirishani. Alivaa gauni la kuazima kwa mwuguzi, refu mno kwake. Alikaa mahali ambapo Bega angemwona machoni. Alimwambia kuhusu mgongo, na kuhusu mguu, kisha akamwambia lile ambalo angeweza kulimeza na dunia isijue.

"Kwa Ngazi ungefika mapema. Pengine mguu ungepona."

"Na mgongo?"

"Ungekatika. Ndivyo ninavyoamini. Siwezi kukuthibitishia, Bega. Hakuna mtu atakayeweza kukuthibitishia, milele."

Bega aliitazama shuka, pale ilipotakiwa kuinuka na haikuinuka. Halafu akageuzia uso wake ukutani, kwa kadiri kola ilivyomruhusu.

"Mtu wa mguu mmoja anabeba nini?" aliuliza. "Nenda zako, Mhandisi. Umekuja, umeniambia machoni, deni limekwisha. Nenda."

"Nioe."

"Unanionea huruma."

"Ningekuonea huruma ningekuletea matunda nikaenda zangu. Nioe."

"Nikuoe nimelala hivi?"

"Kwani lini nilikupenda umesimama? Siku zote ulikuwa umelala chali, mimi natembea pembeni."

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kikamchoma mshono, na maumivu yakamkunja uso. Akamfukuza kwa sauti kubwa hata mwuguzi akaja mbio. Mhandisi alitoka. Kesho yake akarudi akauliza tena, akaambiwa hapana. Kesho kutwa Bega alijifanya amelala. Siku nyingine alimtolea maneno ambayo Mama alimkemea kwayo mbele ya wodi nzima. Kuna siku Mhandisi hakuuliza kwa maneno, alikaa tu kando ya kitanda, na Bega akalia mpaka akalala, na yeye akalia baada ya Bega kulala. Mapenzi yao yalikuwa hivyo kwa muda mrefu, hayana raha hata chembe.

Siku waliyomketisha kwa mara ya kwanza, wauguzi wawili walimshika makwapa na Mrefu akamshika mgongo. Jasho lilimtoka kama mtu aliyepanda mlima. Aliketi. Chumba kilimzunguka, kikatulia. Mhandisi alikuwa amesimama dirishani, amekonda, macho yamemwiva kwa kukesha.

"Leo hujaniuliza," Bega akasema.

"Nimechoka kuuliza."

"Basi nakuuliza mimi."

Wauguzi wakaangalia pembeni. Mrefu hakuangalia pembeni hata kidogo. Mhandisi alipiga hatua mbili akamshika mikono, akasema ndiyo, akasema tena ndiyo, na Bega, ambaye siku alipoambiwa habari za mguu hakutokwa na chozi hata moja, alilia pale mbele ya watu wote, wala hakujaribu kuficha uso.